Vitu Tisa vya Thibaw, Tukihesabu Kurudi Nyuma

Wengi wetu tulilisikia jina la Burma kwanza barazani kwa babu. Mzee aliyepigana katika Keya, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki, hakuwa na hadithi nyingine: mvua ya Burma, matope ya Burma, mbu wa Burma. Ukimwambia chai imepoa, anakurudisha Burma. Lakini wazee wetu walifika huko 1944, na wakati huo nchi ile, ambayo leo inaitwa Myanmar, ilikuwa imekaa karibu miaka 60 bila mfalme. Wa mwisho aliitwa Thibaw. Alitawala miaka 7, akakaa uhamishoni miaka 31. Hesabu hiyo peke yake ilinifanya nimtafute vitabuni, na tangu hapo namhurumia na kumkasirikia, mara nyingine katika ukurasa mmoja.

Nimechagua vitu tisa vilivyopita mikononi mwake. Tunaanza na cha tisa, tunarudi hadi cha kwanza. Asiyependa kuhesabu kinyumenyume akae karibu na mwenye vidole.

9. Joho la utawa

Vitabu vinasema alizaliwa tarehe 1 Januari 1859. Ishike tarehe hiyo, tutaihitaji. Baba yake alikuwa Mfalme Mindon, mtu wa dini na wa maendeleo, mjenzi wa mji wa Mandalay. Usikimbilie kusema mtoto kazaliwa na bahati yake. Mindon alikuwa na wake zaidi ya 40 na watoto wanaokaribia au kuzidi 100. Katika nyumba ya namna hiyo, foleni ya urithi inazunguka kona na kupotea machoni, na Thibaw alikuwa mkiani. Mama yake, Laungshe, alikosana na ikulu, akaondolewa, akaishia utawani.

Mtoto akapewa vitabu. Utotoni alipita katika shule ya mmisionari wa Kianglikana, Dk. Marks, ambayo Mindon mwenyewe, Mbudha wa kweli, aliigharimia. Wana wa mfalme walifika shuleni juu ya tembo, wamefunikwa miavuli ya dhahabu. Mwalimu wa zamu leo analalamika juu ya bodaboda langoni! Baadaye Thibaw akavaa joho la utawa, na mwaka 1877 akafaulu kwa heshima mtihani mkubwa wa maandiko ya Kibudha. Kijana wa miaka 18, mpole, kichwa kimejaa maandiko. Kama mimi ndiye ningekuwa nagawa majaliwa, ningemwacha papo hapo na vitabu vyake.

8. Mke aliyeingia bila kuitwa

Mwaka mmoja baadaye Mindon akaugua. Hakuwa amemtaja mrithi, na alikuwa na sababu: mwaka 1866 wanawe wawili walifanya uasi na kumuua ndugu yake mpendwa, Kanaung, aliyekuwa mrithi. Baba aliyeona hayo huogopa kutaja jina.

Basi wakataja wengine. Malkia Hsinbyumashin, mwanamke mwenye akili kali na mabinti watatu, alimtaka mfalme asiye na kishindo. Mawaziri nao, wakiongozwa na Kinwun Mingyi aliyekuwa amezuru Ulaya mwaka 1872 na kurudi na mawazo ya kupunguza mamlaka ya kiti, walimtaka mfalme huyohuyo asiye na kishindo. Ni nadra majiko mawili kukubaliana juu ya mboga moja. Thibaw, mwenye miaka 19, akachaguliwa kwa sababu kila mtu aliamini hatamsumbua mtu.

Wote walisahau kumhesabu Supayalat.

Huyu alikuwa binti wa kati wa Hsinbyumashin, dada wa Thibaw kwa baba, kama ilivyokuwa desturi ya ukoo ule. Aliyepangwa kuwa malkia mkuu ni dada yake mkubwa, na harusi ikafungwa hivyo. Supayalat akaingia katika shughuli hiyohiyo, na kabla vyombo havijaoshwa ikulu yote ilijua nani anashika funguo. Baba yao alikuwa na wake zaidi ya 40. Supayalat alitaka hesabu isimame kwake. Ningempigia makofi kwa hilo kama lingeishia hapo. Lakini Thibaw alipompenda msichana aitwaye Daing Khin Khin, msichana yule aliuawa. Mfalme hakuweza kumwokoa. Sijui aibu gani huzidi hiyo kwa mtu anayeitwa bwana wa uhai wa wote.

7. Mifuko ya mahameli

Hapa tuweke utani chini kidogo.

Mindon alipokuwa kitandani, wanawe waliitwa waje kumuaga. Walipofika wakakamatwa. Wawili tu, Nyaungyan na Nyaungoke, waliponyoka na kukimbilia kwa Waingereza. Wengine walifungwa pamoja na mama zao, dada zao na watoto wao. Februari 1879 waliuawa. Hesabu inayotajwa mara nyingi ni watu wapatao 80. Damu ya kifalme haikutakiwa kugusa ardhi, kwa hiyo wengine waliviringishwa katika mifuko ya mahameli kabla ya kupigwa marungu.

Wanahistoria wengi wanamwelekezea kidole Hsinbyumashin na watu wake, na Supayalat hakosi kutajwa. Na Thibaw? Wapo wanaosema aliletewa jambo likiwa limeshaandaliwa. Nakubali. Lakini aliyafaulu maandiko ya dini ambayo katazo lake la kwanza ni kuua, na wale walikuwa ndugu zake, baadhi yao walicheza naye uwanja mmoja. Mtu anaweza kuwa dhaifu na bado akawa na hatia. Hapa ndipo ninapomkasirikia, na miaka 31 ya uhamisho haijanitoa hasira hiyo.

6. Viatu

Haya, tuendelee. Kwetu mgeni hupiga hodi, akavua viatu mlangoni, akaingia. Hakuna anayehesabu kwamba ameshindwa vita. Burma ni hivyohivyo: nyumbani, hekaluni, na zaidi sana mbele ya mfalme. Wajumbe wa Uingereza walivua viatu na kukaa chini kwa miaka mingi, hadi katika miaka ya 1870 serikali ya Uingereza huko India ilipoamua kwamba viatu vya mjumbe wake havitavuka tena.

Mindon hakukubali. Waingereza hawakukubali. Matokeo yake, mwakilishi wa Uingereza alikaa Mandalay bila kuonana na mfalme, na Thibaw alirithi mlango uliofungwa kwa ajili ya kamba za viatu. Mwishoni mwa 1879 mwakilishi huyo akaondolewa kabisa. Jozi moja ya buti, falme mbili zimenuniana!

Lakini hasara ilikuwa kubwa kuliko mnuno. Tangu hapo habari za ikulu zilifika nje kupitia wafanyabiashara na waliosikia kwa waliosikia. Mtawa wa zamani akaandikwa magazetini kuwa mlevi wa pombe ya jini. Mauaji ya 1879, ambayo yalikuwa ya kweli, yakachanganywa na uzushi hadi msomaji wa London asijue kipi ni kipi. Kwa mtu aliyetaka sababu ya kuichukua nchi, mambo yalikuwa yanajipika yenyewe.

5. Magogo ya mitiki

Sababu ilipokuja, ilikuja na magome yake. Kampuni ya Bombay Burmah ilikuwa na kibali cha kukata mitiki katika misitu ya mfalme. Mwaka 1885 baraza la mawaziri la Mandalay likasema kampuni imetoa magogo mengi kuliko iliyoyalipia, na kuitoza faini ya rupia zipatazo milioni 2.3. Kampuni ikakana, ikakimbilia serikalini kwake.

Kingine kilichowanyima Waingereza usingizi ni Ufaransa. Januari mwaka huohuo Burma ilikuwa imetia saini mkataba wa biashara na Wafaransa, na balozi wao mdogo, Haas, alikuwa ameshafika Mandalay. Mfalme kujitafutia rafiki wa pili ni busara ya kawaida. Hata muuza nyanya hategemei mteja mmoja. Kwa London ilikuwa uchokozi.

Tarehe 22 Oktoba Waingereza wakatuma masharti yao. Walitaka suala la faini lisimamishwe hadi mjumbe wao afike, mjumbe huyo akae Mandalay na kupokewa bila kuvua viatu (wanavyo bado!), na mambo ya nje ya Burma yaongozwe kutoka India. Sharti la mwisho ndilo lililoua ufalme kabla risasi haijalia. Kinwun Mingyi alishauri watulie. Supayalat alitaka wapigane, na inasemwa alimwonyesha mzee yule dharau mbele ya watu. Majibu ya Thibaw yalilegea kwenye mambo kadhaa, ila siyo kwa kiasi walichotaka waliokwisha kupakia mizinga.

Jenerali Prendergast akapanda mto Irrawaddy na askari wapatao 10,000 ndani ya meli za mvuke. Walivuka mpaka tarehe 14 Novemba. Ngome ya Minhla ikaanguka tarehe 17. Tarehe 28 walikuwa Mandalay. Siku 14! Kuna harusi za kwetu zinazokusanya michango kwa muda mrefu kuliko vita hiyo.

Na sasa toa ile tarehe niliyokuomba uishike. Tangazo la kuitwaa nchi lilitolewa tarehe 1 Januari 1886. Siku ambayo Thibaw alitimiza miaka 27, Burma ilitangazwa kuwa ya Malkia Victoria. Vijijini hawakukubali tangazo hilo. Wapiganaji waliingia msituni, na Waingereza wakahitaji miaka kadhaa na maelfu kwa maelfu ya askari wa nyongeza kumiliki walichosema wamekwisha kukimiliki.

4. Gari la ng'ombe

Mfalme wa Burma alipotoka ikuluni, alitoka na tembo, miavuli myeupe na ngoma. Thibaw alikuwa hata hatoki hivyo. Kwa miaka yake 7 alijifungia ndani ya kuta, asitoke ila kwa nadra, akiogopa kwamba akigeuka nyuma kiti kitakuwa na mwingine. Raia wake wengi walimwona kwa mara ya kwanza siku alipoondolewa.

Ilikuwa jioni ya tarehe 29 Novemba 1885. Aliomba muda wa kujiandaa. Akapewa kidogo mno. Yeye, Supayalat mwenye mimba, na mabinti wao wadogo wakapakizwa kwenye magari ya kukokotwa na ng'ombe, wakazungukwa na askari, wakapelekwa mtoni. Watu walipiga magoti barabarani wakalia. Hawa ni watu waliojua yote niliyoyasema katika namba 7, na bado walilia. Nadhani hawakumlilia yeye peke yake.

Meli iliyowachukua iliitwa *Thooriya*, yaani jua, nao walipanda giza likiingia.

Siku zilezile tembo mweupe wa mfalme, alama ya baraka ya nchi, akafa, na mzoga wake ukaburutwa nje ya ikulu kupitia mitaani. Kisha washindi wakaingia na viatu vyao. Ukumbi mmoja wa ikulu ukawa kanisa. Mwingine, alikopokea wageni malkia, ukawa klabu ya maofisa kunywea vinywaji vyao. Ile ikulu waliyoisema ina mlevi.

3. Rubi ya Nga Mauk

Fupi, kwa sababu hata rubi yenyewe haikukaa sana. Lilikuwa jiwe mashuhuri kuliko yote ya hazina ile, kutoka machimbo ya Mogok. Katika saa za mwisho ikuluni lilikuwepo. Familia ilisema lilikabidhiwa kwa Kanali Sladen, afisa wa siasa wa Waingereza, ili litunzwe. Halikuonekana tena. Thibaw aliandika barua kulidai hadi uzeeni, na binti yake wa nne naye akaja kudai urithi wao, nchi ikiwemo. Wengine wetu hatuthubutu kudai chenji ya mia mbili kwenye daladala. Binti huyu aliidai Burma.

2. Kaburi la Ratnagiri

Kwanza walimpeleka Madras, kisha mwaka 1886 Ratnagiri, mji mdogo wa pwani ya Konkan, kusini ya Bombay. Embe za huko zinasifika India nzima, na bahari yake ni ileile inayopiga Mombasa na Unguja. Lakini mtu wa mji wa bara, aliyezoea mto na minara ya dhahabu, anaweza kuitazama bahari hiyo kila jioni na asione chochote cha kwao.

Waingereza walikuwa na desturi ya kuwabadilisha wafalme nchi. Mfalme wa mwisho wa Mughal, Bahadur Shah Zafar, walimtoa Delhi mwaka 1858 wakampeleka Rangoon, akafia huko. Kwa hiyo mfalme wa India amelala Burma na mfalme wa Burma amelala India. Kwetu walifanya vivyo hivyo, Kabalega wa Bunyoro na Mwanga wa Buganda wakakamatwa mwaka 1899, kisha wakasafirishwa hadi Shelisheli. Ramani yao ya bahari ilikuwa na visiwa na miji iliyokuwa ghala la wafalme.

Thibaw alipewa posho, nayo haikutosha. Vito vilivyobaki vikaenda kwa wanunuzi kimoja kimoja. Mabinti wanne walikua bila wachumba wa hadhi waliyotakiwa na mila; mkubwa akampenda bawabu Mhindi aliyekwisha kuoa, akamzalia mtoto, na ikulu ya uhamishoni ikapata kelele za familia kama nyumba nyingine yoyote. Nyumba kubwa ya matofali mekundu juu ya kilima, wanayoonyeshwa watalii leo, ilikamilika mwaka 1910. Alikuwa amesubiri karibu robo karne. Akaishi humo miaka 6, akafariki Desemba 1916, akiwa na miaka 57.

Supayalat akakataa azikwe pale. Alitaka amrudishe Mandalay, na mwili ukakaa zaidi ya miaka miwili ukisubiri ruhusa isiyotoka, hadi 1919 Waingereza wakauweka kaburini hapohapo Ratnagiri. Mwaka huohuo yeye mwenyewe aliruhusiwa kurudi Burma, ila Rangoon, siyo Mandalay. Akafariki huko 1925. Mwanamke niliyemlaumu katika namba mbili za juu ndiye aliyekaa na mwili wa mumewe akiwagomea washindi. Siwezi kumnyima hilo.

Desemba 2012 Rais Thein Sein alifika kwenye kaburi lile. Miaka 127 baada ya gari la ng'ombe, kiongozi wa nchi yake akaja kumsalimu.

1. Nyumba aliyoitoa

Nimekiweka hiki mwisho kwa sababu ni kitu pekee katika orodha hii ambacho hakunyang'anywa. Alikitoa mwenyewe.

Mindon alifia katika jengo moja la ikulu, la mitiki mitupu, lililonakshiwa kutoka ngazi hadi paa na kupakwa dhahabu. Thibaw hakuweza kulivumilia. Inasemwa aliogopa roho ya baba yake, na kwa yaliyofuata mwaka 1879 alikuwa na kila sababu ya kuiogopa. Mara tu baada ya kurithi akaamuru jengo livunjwe ubao kwa ubao, litolewe nje ya kuta, lijengwe upya na kupewa watawa. Likaitwa Shwenandaw, na inasemwa mfalme alikuwa akienda huko kukaa kimya na kutafakari. Mtawa wa miaka 19 alikuwa bado anatafuta joho lake.

Sasa rudi kwa babu barazani. Desemba 1944 Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, baada ya kulitembea bonde la Kabaw katika mvua na malaria, ilifika Kalewa na kuvuka mto Chindwin. Vijana wa Kenya, Uganda, Tanganyika na Nyasaland walifungua njia ya kuelekea Mandalay, kisha wakaondolewa kupumzishwa, wengine wakaendelea. Machi 1945, Wajapani wakiwa ndani ya kuta za ikulu na mabomu ya Waingereza yakianguka juu yake, majumba ya Mindon yote ya mbao yakawaka. Kumbi, viti vya enzi, klabu ile ya maofisa, vyote vikawa majivu. Kiti cha Simba kikasalimika kwa kuwa kilikuwa kimechukuliwa hadi Calcutta; kilirudishwa 1948, Burma ilipopata uhuru.

Na jengo alilolitoa Thibaw halikuguswa na moto ule, maana halikuwa ikuluni tena. Ndilo jengo kubwa la ikulu ya Mindon lililopona, la mitiki ileile iliyoletewa vita. Dhahabu ya nje imefifia kwa mvua, nakshi za milango zimelika, ila ndani nguzo bado zinang'aa. Wageni kutoka pande zote za dunia wanafika kuliona, Waingereza wengi tu miongoni mwao. Wakifika kwenye ngazi wanainama, wanafungua kamba, na wanapanda pekupeku.